Galesburg si kijiji, Mama Furaha

SWALI: Mwalimu, shikamoo. Mume wangu alitangulia Marekani, yuko Galesburg, jimbo la Illinois, nami na watoto watatu tumepata viza ya kumfuata. Shemeji yangu aliyeko Chicago anasema ni kijiji kilichochoka, watoto hawatapata shule ya maana. Mkubwa ana miaka 15, na Kiingereza chake ni cha kuombea maji. Nifanyeje?
Mama Furaha, Bukavu

JIBU: Marahaba, Mama Furaha. Shemeji yako hajasema uongo mtupu. Mji umepungua kweli: sensa ya 1960 ilihesabu watu 37,243, ya 2020 ikakuta 30,052. Pigo kubwa lilikuja 2004, kiwanda cha friji cha Maytag kilipofungwa na kazi zikahamishiwa Reynosa, Mexico. Watu wapatao 1,600 walipoteza ajira. Reli bado ipo, na treni ya abiria inakufikisha Chicago kwa muda usiotimia saa tatu.

Lakini hilo la shule nalikataa. Nimefundisha historia miaka mingi, na miji iliyoanzishwa kwa ajili ya shule naijua michache sana; Galesburg ni mmojawapo. Mchungaji George Washington Gale na wenzake walinunua ardhi, wakawauzia walowezi viwanja, na faida ikaenda kwenye chuo ambacho leo kinaitwa Knox College. Hiyo ilikuwa 1837, na mwaka huohuo wakaunda chama cha kupinga utumwa. Jengo lao la Old Main lingali limesimama. Tarehe 7 Oktoba 1858 Abraham Lincoln, aliyekuja kuwa rais wa Marekani, na mpinzani wake wa kisiasa Stephen Douglas walifanya mdahalo juu ya utumwa kwenye jukwaa lililojengwa ubavuni mwake, na inasimuliwa kwamba walilifikia kwa kupita dirishani. Wasimulie wanao pia habari za Barnabas Root, kijana wa Sierra Leone aliyehitimu pale 1870. Hawatakuwa Waafrika wa kwanza kusoma katika mji huo.

Sasa tuje kwa mkubwa wako. Shule za umma hazitozi karo. Siku ya kuandikisha mtaulizwa nyumbani mnasema lugha gani. Jibuni ukweli: Kiswahili, na nyingine zozote mnazotumia. Wengine huandika Kiingereza wakidhani mtoto atapangiwa darasa zuri zaidi, kumbe wanamnyima msaada ambao ni haki yake. Kwa sheria ya Illinois, shule ikifikisha wanafunzi 20 wa lugha moja ambao hawajamudu Kiingereza, inapaswa kuwafundisha kwa lugha yao pia huku wakijifunza Kiingereza.

Zaidi ya vyeti vya kuzaliwa na kadi za chanjo, usiache ripoti za shule za huyo wa miaka 15. Sekondari ya kule mwanafunzi huhitimu kwa kutimiza idadi ya masomo aliyofaulu, na bila karatasi hizo, miaka aliyosoma Bukavu inaweza isihesabiwe. Zitafsirishe kutoka Kifaransa, zigongwe mhuri, na uzibebe kwenye mkoba wa mkononi, si kwenye sanduku.