Mac na PC: Majibu kwa Wasomaji Wanaobishana

Barua za safari hii karibu zote zimeangukia mada moja, nayo ni ubishi wa watumiaji wa Mac, kompyuta za kampuni ya Apple, na wale wa PC. Maswali nimeyafupisha, majibu nimeyaacha marefu pale tu jambo lilipostahili.

Mac nayo ni kompyuta ya mtu binafsi. Kwa nini basi haiitwi PC?

Kwa maana ya herufi zenyewe, Mac ni PC, na msomaji yuko sahihi kabisa. Ni historia iliyolibana jina hilo. Agosti 1981 kampuni ya IBM ilitoa kompyuta ndogo na kuiita Personal Computer, na kwa kuwa ilikuwa na haraka, iliiunda kwa vipuri vilivyokuwa tayari sokoni: prosesa, yaani ubongo wa mashine, ilitoka kampuni ya Intel, na mfumo endeshi, yaani programu kuu inayoiendesha, ukatoka Microsoft, ambayo kwa werevu wake ilibakiza haki ya kuwauzia wengine mfumo huohuo. Kilichobaki kuwa mali ya IBM hasa ni programu ndogo ya kuiamsha mashine, na hiyo nayo kampuni ya Compaq iliiandika upya kwa njia halali, ikaanza kuuza mashine yake mwaka 1983. Wengine wakafuata, na PC ikawa jina la mashine yoyote inayopatana na ile ya kwanza.

Macintosh, au Mac kwa kifupi, iliyozinduliwa Januari 24, 1984 kwa bei ya dola 2,495, ilishika njia nyingine. Apple ilitengeneza mashine pamoja na mfumo wake endeshi, wala haikumpa mtu mwingine ruhusa ya kuuza inayofanana nayo. (Ililegeza kamba mwaka 1995 na kutoa leseni kwa kampuni kadhaa, lakini Steve Jobs, mmoja wa waanzilishi wa Apple, aliporejea mwaka 1997 aliufunga mlango huo.) Ndiyo maana ubishi huu una mguu mmoja mfupi: upande mmoja ipo kampuni moja, upande wa pili lipo soko zima, lenye laptopu madhubuti na lenye zile za plastiki ambazo bawaba zake hupasuka kabla mwaka haujaisha. Anayesema kwamba PC ni mbovu aulizwe kwanza ni PC ipi.

Shemeji yangu anashikilia kwamba Microsoft iliiba Windows, mfumo wake endeshi, kutoka kwa Apple. Je, ni kweli?

Mahakama za Marekani hazikukubaliana na shemeji. Apple ilifungua kesi mwaka 1988 ikidai kuwa sura ya Windows, yaani madirisha yanayopandana na vijipicha vya mafaili, imetolewa kwenye Macintosh. Sehemu kubwa ya madai yake ilikataliwa mwaka 1992, na rufaa ikashindwa mwaka 1994. Kilichoiponza zaidi ni saini yake yenyewe, kwa sababu mwaka 1985 ilikuwa imeipa Microsoft leseni ya kutumia vingi kati ya vitu hivyo. Mkumbushe shemeji pia kwamba mwaka 1979 Jobs na wenzake walitembelea maabara ya kampuni ya Xerox huko Palo Alto, Marekani, wakaonyeshwa kompyuta iitwayo Alto, iliyokwisha kuwa na madirisha na kipanya. Xerox nayo iliruhusiwa kununua hisa za Apple, kwa hiyo huo haukuwa wizi. Ila aliyelalamika kuwa ameigwa alikuwa ametoka kwa jirani kuchukua darasa.

Nimesikia kwamba Microsoft iliwahi kuiokoa Apple. Iliwezekanaje, ilhali ni mahasimu?

Agosti 1997, mbele ya mashabiki wa Mac waliokusanyika Boston, Jobs alitangaza kwamba Microsoft itanunua hisa za Apple zenye thamani ya dola milioni 150, hisa zisizo na haki ya kupiga kura. Uso wa Bill Gates, mkuu wa Microsoft, ukatokea kwenye skrini kubwa iliyo juu ya Jobs, naye Jobs akaonekana kama mtoto chini yake, na ukumbi ukazomea. Kwa maoni yangu fedha hizo hazikuwa kiini cha mapatano. Kilichohitajika zaidi ni ahadi ya kwamba Office, kifurushi cha programu za ofisi cha Microsoft, ingeendelea kutengenezwa kwa ajili ya Mac kwa miaka mitano, kwani bila Word na Excel ofisi chache zingethubutu kuinunua. Hata Excel yenyewe ilitoka kwanza kwenye Mac, mwaka 1985, miaka miwili kabla ya kufika kwenye Windows.

Wakubwa, basi, walikuwa wamekwisha kupatana. Waliobaki wakizomeana ni wateja. Matangazo ya Apple ya mwaka 2006 hadi 2009, yenye kijana mtulivu aliyejiita Mac na bwana wa suti aliyejiita PC, yaliuchochea moto huo upya, na kichekesho ni kwamba katika mwaka huohuo wa 2006 Mac zilianza kutumia prosesa za Intel na kuweza kuendesha Windows.

Je, Mac haipati virusi?

Hupata. Aprili 2012 programu hasidi iitwayo Flashback ilikutwa kwenye Mac zipatazo 600,000.

Nina fedha za kununulia laptopu moja tu, tena iliyokwisha kutumika. Nichukue ipi?

Anza na programu ya kazi yako, kisha na fundi wa mtaani kwako. Ikiwa programu ya uhasibu mnayotumia ofisini ni ya Windows pekee, ubishi umekwisha. Ukitaka Mac, chukua yenye RAM, yaani kumbukumbu ya kufanyia kazi, itakayokutosha tangu siku ya kwanza, maana katika laptopu za Apple za miaka hii RAM imechomelewa kwenye ubao mkuu na haiongezwi; ikiwezekana iwe yenye prosesa ya Apple yenyewe iitwayo M1, iliyotoka Novemba 2020, au ya baada yake, kwa kuwa Apple imetangaza kuwa toleo la mfumo lililotoka mwaka 2025 ndilo la mwisho kuzipokea zile za Intel. Kabla hujatoa shilingi, mwombe muuzaji aondoe akaunti yake na kuifuta mashine yote mbele yako, kwani ikifungwa na akaunti ya mtu usiyemjua, umenunua sinia la chakula. Kwa upande wa PC, hakikisha inakubali Windows 11, kwa sababu huduma ya kawaida ya Windows 10 ilikoma Oktoba 14, 2025.

Mimi hupiga picha za harusi na natumia Mac. Wateja huleta diski ya nje, naziona picha zao lakini siwezi kuwawekea zangu. Diski zina ubovu gani?

Hazina ubovu wowote. Zimefomatiwa, yaani zimeandaliwa kupokea mafaili, kwa mpangilio wa Windows uitwao NTFS, ambao Mac huusoma lakini haiuandiki. Nakili kwanza kila kilichomo, kwa kuwa kufomati hufuta vyote, kisha ifomati kwa exFAT, mpangilio unaokubalika pande zote mbili. Usiichomoe kabla hujaitoa kwa amri ya mfumo. ExFAT huharibika kirahisi inapokatizwa katikati ya kuandika, na bibi harusi hatavaa tena lile gauni ili upige upya.