Leseni yangu ya uuguzi itatambuliwa ugenini?

SWALI: Mimi ni muuguzi mwenye stashahada na leseni halali. Nikihamia nchi nyingine, je, nitaruhusiwa kuanza kazi mara moja?

JIBU: Kwa kawaida hapana, kwa sababu kutambuliwa kwa stashahada ni jambo moja na kupewa leseni ni jambo jingine. Mamlaka ya wauguzi ya nchi uendako hulinganisha saa zako za masomo na za mafunzo ya vitendo wodini na zile inazozitaka, na ikiona pengo huweza kukutaka ufanye mtihani au ufanye kazi kwa muda chini ya usimamizi. Omba mapema barua ya kuthibitisha usajili na mwenendo wako, ambayo mara nyingi hutumwa na baraza la wauguzi la nchini kwako moja kwa moja kwa mamlaka hiyo. Inasikitisha muuguzi hodari kukaa bure akisubiri karatasi moja.