Nilipima nyota mbili, nikavumbua ya tatu

Tangu nitetee tasnifu yangu mwezi uliopita, simu haipoi. Katikati ya hongera umo ujumbe wa kijana wa mwaka wa tatu, fizikia: "Dada Dokta, niwe na GPA ngapi na laptopu gani ili nifike ulipofika?" Kuhusu nyota hakuuliza kitu. Simcheki, nami nilianza hivyohivyo.

Kazi yangu ilikuwa kupima tungamo, yaani wingi wa maada, za nyota zinazozungukana mbili mbili. Nyota iliyo peke yake haipimiki kirahisi, maana hakuna inachokivuta ukakiona. Zikiwa mbili, Kepler, mwanaastronomia wa zamani, anakusaidia kwa sheria yake: chukua umbali kati yao, ukihesabu umbali wa Dunia na Jua kuwa moja, kwa kipeo cha tatu, ugawanye kwa miaka ya mzunguko kwa kipeo cha pili, unapata tungamo kwa hesabu ya majua. Chukua Sirius, inayong'aa kuliko nyota zote za usiku. Ina pacha mdogo, wanazungukana kwa miaka 50 hivi, na wastani wa umbali kati yao ni kama mara 20 ya umbali wa Dunia na Jua. 20 kwa kipeo cha tatu ni 8,000. 50 kwa kipeo cha pili ni 2,500. Gawanya: jozi nzima ina tungamo ya majua matatu na ushee. Hesabu ya kidato cha nne! Nikadhani PhD yote itakwenda hivyo.

Haikwenda. Jozi yangu ilikuwa mbali mno kuonekana kama nyota mbili. Unaona nukta moja ambayo mwanga wake hufifia kila baada ya siku chache, moja ikipita mbele ya mwenzake. Kasi za nyota hizo unazipata kwenye spektra, yaani mwanga wake uliotawanywa rangi kwa rangi, kwa jinsi mistari myeusi iliyomo inavyosogea upande wa bluu nyota ikija na upande wa nyekundu ikienda. Na kwenye fomula ya tungamo kasi ina kipeo cha tatu, kwa hiyo ukikosea kasi kwa asilimia 1, tungamo umeikosea kwa asilimia 3.

Basi nikaenda Sutherland, Afrika Kusini, kule Karoo kwenye darubini. Baridi ya Julai kule mtoto wa Tanga haisimulii, soksi jozi tatu na bado vidole huvisikii. Mwaka wa pili, nikipanga data, nikaona nyota zangu zote mbili zinayumba pamoja, huku na huku, kwa utaratibu. Kitu kinazivuta. Nyota ya tatu! Nilimpigia mama simu saa nane usiku.

Nikaandaa slaidi za semina ya idara, na rangi juu. Nilipomaliza, mzee mmoja aliyekaa nyuma akauliza kwa upole: "Hiyo ya tatu inamaliza mzunguko kwa siku ngapi?"

"Mia tatu sitini na nne," nikajibu, kifua mbele.

Kimya. Halafu mtu akacheka, halafu wote.

Dunia inalizunguka Jua kwa karibu kilomita 30 kwa sekunde, na mwendo huo lazima uondolewe kwenye vipimo. Programu iliyosafisha data ilikuwa imeshauondoa. Mimi nikauondoa tena, ukaonekana kama nyota zangu ndizo zinazoyumba, kwa mzunguko wa mwaka mmoja. Nyota niliyoivumbua ilikuwa hii tunayoikanyaga, tena si nyota. Mwenzangu mmoja aliniita Mama Dunia mpaka siku anahitimu. Nasema nimesamehe, lakini jina lake likitokea kwenye simu bado tumbo linakaza.

Msimamizi wangu hakucheka. Alisema, "Rudia zote." Miezi minne, sina la kuisimulia.

Sasa nisikilizeni, nyie mnaouliza laptopu. Kabla hujagusa nyota yako, pima kwa programu yako jozi ambayo wengine wameshaipima, uone kama mnakubaliana. Soma kila faili limefanyiwa nini kabla halijakufikia. Ukipata jibu linalokupigisha simu usiku, mpigie kwanza mtu anayeweza kulibomoa. Na kiburi, wadogo zangu! Hiyo 364 niliiangalia wiki tatu nzima, nikiwa na kalenda ukutani mbele yangu. Tungamo zangu za mwisho zina shaka ya asilimia 2, na kila nusu ya asilimia nimeilipia kwa aibu.

GPA yangu ilikuwa ya kawaida. Laptopu ilikuwa ya mtumba, hazikubonyezeka herufi mbili.

Mama hadi leo anawaambia wanakwaya wenzake kwamba binti yake alivumbua nyota. Juzi kauliza imepewa jina gani.