Re: Nashuka Ifakara na chensoo mpya. USIIWASHE KWANZA!

Mkuu hayo mengine uliyouliza kuhusu chensoo yako (msumeno wa mnyororo) yasubiri kwanza, baa (lile bapa linalobeba mnyororo) ya inchi ngapi, mnyororo gani kwa mitiki, suruali ya kinga ya mtumba au mpya, tutafika huko tukijaaliwa. Mimi nimekwama kwenye ile sentensi yako moja ambayo umeipitia juu juu, "fundi wa hapa Mafinga ameshaibana mafuta kidogo, sasa inalia kama nyuki, Jumatatu nashuka nayo Ifakara", yaani amepunguza petroli inayoingia kwenye injini. Nimeirudia kuisoma nikaweka kikombe cha chai chini. Wewe unakwenda kuua mashine, tena mpya, na utaiua huku unacheka kwa sababu siku ya kwanza itakuwa na nguvu kuliko mashine zote pale shambani. Najua kwa sababu yangu ilikufa hivyo hivyo, njia hiyo hiyo, kwenye mitiki hiyo hiyo ya Kilombero.

Iko hivi. Mafinga uko juu sana, karibu mita 1,900 kutoka usawa wa bahari, na kwa urefu huo hewa ni nyepesi kwa karibu asilimia 17 ukilinganisha na pwani. Kabureta ya kawaida, kile kifaa kinachochanganya petroli na hewa, haina akili ya kujua hilo, inapitisha petroli kwa tundu lile lile uwe Mafinga uwe Bagamoyo. Kwa hiyo ukiwa juu hewa ni pungufu, petroli inazidi, mashine inabwata (mlio unakatika katika), inatoa moshi, haichangamki, na fundi akibana ile skrubu ya H, inayopima petroli ya resi kubwa, inachangamka kweli. Hapo wala sio kosa, ndio maana skrubu ipo. Kosa linaanza ukishamaliza kushuka mlima Kitonga, maana Ifakara ni chini ya mita 300, kule hewa imeshiba, mashine inavuta hewa ya kutosha lakini petroli ni ile ile uliyobaniwa mlimani. Na usisahau hii ni tuustroki, haina oili yake pembeni, oili imo ndani ya petroli, ukiibania petroli umeibania na oili, halafu hiyo hiyo petroli inayoingia ndiyo inasaidia kupoza pistoni. Yaani umeinyima chakula, maji na mafuta ya kupaka kwa robo mzunguko wa bisibisi.

Sasa mimi nilipata kazi ya kukata magogo ya mitiki, nikatoka shamba la miti la Sao Hill nilikozoea misindano nikiwa na mashine yangu ya cc 72, nimeitoa kwa fundi jana yake, kichwa kimenivimba hadi helmeti hainitoshi. Nikaiwasha pale shambani, wee! Vijana wakaacha kazi wakaja kuangalia. Ilikuwa inakwenda resi mpaka ya mwisho, sauti nyembamba safi, haina hata chembe ya kubwata, na ukiachia triga haishuki mara moja, inabaki juu kidogo halafu ndio inarudi sailensi (mlio wa chini bila kushika triga) taratibu. Hiyo ya kubaki juu mimi nikajua ndio nguvu yenyewe!! Nikawa namwonyesha mwenzangu kabisa, ona hii, haitaki kulala. Kumbe ilikuwa inaniaga.

Mchana jua lilipokaa sawa, na wanaolijua bonde lile wanajua jua lake, nikaingia kwenye gogo nene, katikati mashine ikaanza kulegea, mimi badala ya kutoa nikaongeza kukandamiza, nikasema mnyororo umekuwa butu. Ikazima. Navuta kamba haivutiki, imekamata kabisa. Nikaiacha kivulini ikapoa, kamba ikavutika, nikashukuru Mungu, halafu nikagundua inavutika kirahisi mno, mtoto wa chekechea angeweza. Kompresheni hakuna. Nilipofungua egzozi na kuchungulia tunduni nikaiona pistoni imechanika mistari ya wima upande ule wa egzozi na ringi zimegandia kwenye nyumba zake. Imenoki. Msicheke, mke wangu ameshacheka kwa niaba yenu wote.

Hesabu yake sasa ndio inauma. Silinda na pistoni orijino ilikuwa inakaribia nusu ya bei ya mashine, na za bei rahisi za kichina ambazo nilijaribu kwanza kwa ubishi (ndio, nilijaribu) hazikumaliza hata msimu. Lakini hiyo sio hasara kubwa. Hasara kubwa ni kwamba mkataba unaendelea, gogo halijui kama pistoni yako imekufa, ikabidi nikodi mashine ya mtu kwa siku, petroli juu yangu, mnyororo juu yangu, na vijana wangu wanasubiri kulipwa. Faida yote ya kazi ile ilikwenda kwa mwenye mashine, mimi nilirudi Mafinga na picha za simu.

Na yule fundi! Nilimfuata nikamwekea pistoni mezani. Akaiangalia akasema "umeweka mafuta mabaya wewe, sheli za huko chini wanachakachua". Ndugu yangu petroli nilikwenda nayo kwenye dumu kutoka hapo hapo Mafinga, nimechanganya mwenyewe! Huyu ndiye aliyeng'oa vile vikofia vya plastiki vinavyozuia skrubu isizunguke sana, akaniambia wazungu wanaviweka ili usifaidi nguvu yote ya mashine. Eti wazungu wamekaa kiwandani na digrii zao wanaibania nguvu mashine yangu. Na mimi nikaitikia kwa kichwa, nikamwongezea na hela ya soda. Ana kipaji kimoja tu yule, anajibu kabla hujamaliza kuuliza. Hakuuliza naenda kufanya kazi wapi, na hilo ndilo swali pekee lililokuwa na maana siku ile. Fundi wako amekuuliza? Nakuomba ujibu hapa hapa, maana naanza kuhisi ni yule yule.

Kwa hiyo sheria yangu ni moja na utanisikia naisema kila uzi mpaka mods wanifungie: KABURETA INASETIWA PALE PALE UNAPOKATIA MTI. Sio kwa fundi, sio nyumbani, sio dukani. Ukipanda isikilize upya, ukishuka isikilize upya.

Ukifika Ifakara kabla ya kugusa gogo fanya hivi. Safisha fileta ya hewa kwanza maana fileta chafu inakudanganya, utasetia uchafu. Weka mchanganyiko mpya, mashine nyingi za sasa ni moja kwa hamsini kwa oili nzuri ya tuustroki, yaani mililita 20 kwa lita moja, mililita 100 kwa dumu la lita tano, na upime kwa kitu chenye alama, kifuniko cha chupa ya maji sio kipimo. Oili ya gari au ya bodaboda foostroki usiitie humo hata ukiishiwa. Iache ipate moto vizuri, hata kwa kukata vigogo vidogo vidogo bila kuikamia. Halafu zungusha H kinyume cha saa kidogo kidogo, huko ndiko kuachia. Piga resi yote kwa sekunde chache tu ikiwa haina mzigo, breki ya mnyororo ikiwa imeachiwa (ukipiga resi breki imefungwa unachoma klachi, hilo nalo kuna watu humu wanafanya na wanajiita maopareta). Unataka usikie inakwaruza kidogo, inabwata kwa mbali, sio sauti safi ya kusifiwa. Ukiingiza kwenye mti ile kubwata inatoweka, sauti inanyooka, ukitoa inarudi. Hapo ndipo. Ikiwa safi hata nje ya mti, umebana sana, achia. Ikibwata hata ndani ya gogo, umeachia sana, hiyo haitaua, itakunywea petroli tu na kukutia moshi machoni, bora hiyo mara mia.

Ukiachia triga ishuke mara moja na mnyororo usimame kabisa kwenye sailensi. Ikichelewa kushuka ZIMA, usiionyeshe kwa watu. Ukishaiachia H na bado inachelewa basi kuna mahali inavuta hewa, sili za krenki au ule mpira wa kabureta, skrubu haitakusaidia. Jioni fungua plagi uangalie rangi, kahawia ya chokoleti ni salama, nyeusi yenye maji maji mafuta yamezidi, nyeupe bado umeibana sana. Na egzozi ni skrubu chache tu, ifungue uchungulie pistoni kabla ya kuanza kazi, maana sijui fundi wako ameijaribu kwa resi kiasi gani huko kijiweni ili kukufurahisha.

Kuna atakayekuja hapa kusema nunua zenye kujiseti zenyewe, Stihl wanaita M-Tronic na Husqvarna wanaita AutoTune. Ni kweli zipo na zinajirekebisha kwa hewa ya mahali ulipo, sina ubishi, ila jamaa ameshanunua yenye skrubu na Jumatatu ni keshokutwa.

Suruali ya kinga, ya mtumba sawa ila ifunue uangalie. Ndani kuna nyuzi ndefu ambazo zinatakiwa kuchomoka na kujizungusha kwenye gia ya mnyororo ziusimamishe, kwa hiyo ikiwa imewahi kuchanwa na ikashonwa na fundi cherehani, nyuzi zimeshonewa chini na haina kazi tena, hiyo ni suruali ya joto tu. Tafuta lebo yenye picha ya chensoo na daraja, daraja la 1 ni mnyororo wa mita 20 kwa sekunde, na mashine yako ikiwa resi yote inapita hapo, hivyo usije ukajiona una miguu ya chuma. Usiifue kwa jiki. Gambuti za kawaida za shambani hapana.

Kunoa, kama mnyororo wako ni 3/8 ya mashine kubwa tupa ni ya milimita 5.2 au 5.5 kutegemea kampuni ya mnyororo, pembe nyuzi 30, na mitiki ina mchanga mchanga ndani ya mti wenyewe kwa hiyo utanoa mpaka uchoke, kila ukijaza tenki pitisha tupa. Mnyororo butu nao unakufanya ukandamize, ukikandamiza mashine inachemka, na kama imebanwa tumesharudi kule kule kwenye pistoni.

Ulikuwa umeuliza na nini tena, baa? Wadau watakujibu hiyo. Wewe ukifika rekodi sauti, resi yote nje ya mti sekunde tatu kisha ndani ya mti, uiweke hapa pamoja na picha ya plagi, na bisibisi yako uiweke mfukoni usiipakie kwenye buti la basi.