Upande wetu tulishautaja Mwanza mwaka 1967

Ndugu Mhariri,

Swali lenu la wiki hii linauliza iwapo nchi za Afrika Mashariki zinapaswa kuchukua upande katika mgogoro wa Waisraeli na Wapalestina, na kama zinapaswa, ni upande upi. Jibu langu ni kwamba zinapaswa, ila upande huo hauwezi kupatikana kwa njia tunayoitumia sasa, yaani kuangalia nani anasali wapi. Naandika nikiwa Mtanzania, kwa hiyo mifano yangu mingi ni ya Tanzania, na msomaji wa Nairobi au Kampala atanisamehe.

Hali ilivyo mitaani haihitaji utafiti. Katika kituo ninachopandia daladala yapo magari mawili ya njia moja: la kwanza limebandikwa bendera ya Israeli kwenye kioo cha nyuma, juu ya mstari wa Zaburi, na la pili lina bendera ya Palestina kando ya maandishi ya Bismillahi. Makondakta wa magari hayo hukaa benchi moja wakisubiri zamu, hugawana karanga, na sijawahi kuwasikia wakigombana isipokuwa juu ya abiria. Ugomvi uko kwenye simu zetu. Baada ya Oktoba 7, 2023, Hamas na washirika wake walipoingia kusini mwa Israeli wakaua watu wapatao 1,200 na kuteka wengine 251, makundi ya WhatsApp ya ukoo, ya vikoba na ya watu waliosoma pamoja yaligawanyika kama yaliyogawanywa kwa kisu. Walioumizwa na mauaji ya siku ile walikuja kunyamaza Gaza ilipogeuzwa kifusi, na walioililia Gaza wengi wao walikuwa wamenyamaza siku ile ya kwanza, kama si kushangilia kabisa.

Mgawanyo huo wa kidini hauendani hata na watu wenyewe wanaohusika. Raia mmoja kati ya watano wa Israeli ni Mwarabu, na miongoni mwa waliouawa na kutekwa Oktoba 7 walikuwamo Wabedui ambao ni Waislamu. Upande wa pili, Gaza ina Wakristo wapatao elfu moja, ambao kanisa lao la Kiorthodoksi la Mtakatifu Porphyrius lilipigwa kwa bomu Oktoba 2023 likiwa limejaa watu waliokimbilia humo, na kanisa Katoliki la Familia Takatifu, ambalo marehemu Papa Fransisko alikuwa akilipigia simu karibu kila jioni, lilipigwa Julai 2025. Muumini wa Mbeya au Kisumu anayeombea Israeli kwa sababu ya Biblia anafanya jambo la imani yake na simwingilii, lakini Israeli inayosomwa kanisani na serikali inayoketi leo Yerusalemu haziwezi kupewa hukumu moja. Serikali hiyo imepingwa barabarani na Waisraeli wenyewe kwa maelfu, wiki baada ya wiki. Vivyo hivyo, kuutetea Msikiti wa Al-Aqsa hakumlazimishi Muislamu wa Tanga kuitetea Hamas.

Mfano unaonifurahisha zaidi ni wa mahakamani. Afrika Kusini ilipoishitaki Israeli katika Mahakama ya Kimataifa ya Haki mjini The Hague, ikidai kwamba mkataba wa kuzuia mauaji ya kimbari unavunjwa, mahakama ilitoa amri sita za muda Januari 26, 2024. Jaji Julia Sebutinde wa Uganda alizipinga zote sita, wakati Aharon Barak, jaji wa muda aliyeteuliwa na Israeli yenyewe, aliunga mkono mbili kati ya hizo. Serikali ya Uganda iliharakisha kusema kwamba kura ya Sebutinde haikuwa kura ya Uganda, na ni kweli haikuwa, maana jaji hatumwi na nchi yake. Lakini atakayetaka kubashiri msimamo wa mtu kwa pasipoti au kwa dhehebu lake aanze kwanza kutueleza kesi hiyo.

Sasa nirudi nyumbani, kwa sababu naona kwamba tulikuwa na kipimo kizuri na tumekisahau. Tanzania ya mwanzo haikuwa adui wa Israeli. Jeshi la Kujenga Taifa, lililoanzishwa mwaka 1963, liliiga kwa kiasi kikubwa utaratibu wa vijana wa Kiisraeli wa kuchanganya kilimo na ulinzi, na wataalamu wao walikuja kutusaidia. Katika hali hiyo ya urafiki ndipo ilipokuja vita ya siku sita ya Juni 1967, ambapo Israeli iliteka Ukingo wa Magharibi, Yerusalemu ya Mashariki, Gaza, Sinai na milima ya Golan. Oktoba mwaka huo, Mwalimu Nyerere alieleza sera ya nje ya nchi mbele ya mkutano wa TANU, chama tawala cha wakati huo, mjini Mwanza. Aliyoyasema kuhusu jambo hili, kwa maneno yangu mimi, ni haya: kuundwa kwa Israeli kulikuwa uonevu dhidi ya Waarabu, dunia ikaukubali kwa sababu ya mateso waliyoyapata Wayahudi, Israeli sasa ipo, Tanzania inaitambua na inataka urafiki nayo kama inavyoutaka na Waarabu, lakini Tanzania haiwezi kukubali kwamba kushinda vita kunampa mshindi haki ya kutawala ardhi na watu wa wengine. Mwezi mmoja baadaye Baraza la Usalama la Umoja wa Mataifa lilipitisha azimio namba 242, ambalo utangulizi wake unasema jambo hilohilo, kwamba ardhi haipatikani kwa vita.

Angalieni jinsi msimamo huo ulivyojengwa. Haukuwanyima Wayahudi pa kuishi, wala haukuhoji nani alifika kwanza enzi za Yoshua. Uliweka mpaka mahali ambapo hata rafiki akiuvuka ataambiwa. Uhusiano wa kibalozi ulikuja kuvunjwa Oktoba 1973, wakati wa vita nyingine, pamoja na nchi nyingi za Kiafrika, na hapo ndipo wengi wetu huanzia hadithi, wakidhani kwamba Afrika ilifuata tu mafuta ya Waarabu. Kwa baadhi ya nchi huenda mafuta yalihusika. Kwa Tanzania hoja ilikuwa imetangulia kwa miaka sita.

Kipimo hicho kilikuja kujaribiwa kwa namna ambayo vijana wetu hawafundishwi. Idi Amin aliingia madarakani mwaka 1971 akiwa mtu wa karibu wa Waisraeli, akawafukuza mwaka 1972, akageuka mtetezi wa Palestina kwa sauti kubwa kuliko Waarabu wenyewe. Mwishoni mwa mwaka 1978 majeshi yake yalivamia mkoa wetu wa Ziwa Magharibi, ambao sasa ni Kagera, na akatangaza kwamba ardhi yote ya kaskazini ya mto Kagera ni ya Uganda. Tulipomjibu, waliokuja kumsaidia walikuwa wanajeshi wa Libya na wapiganaji wa Chama cha Ukombozi wa Palestina, PLO. Katika mapigano ya Lukaya, Machi 1979, walikuwapo upande wa Amin wakipambana na askari wetu. Kwa desturi ya urafiki na kisasi, Tanzania ilikuwa na kila sababu ya kufunga ofisi ya PLO jijini Dar es Salaam na kurudi kwa Israeli. Haikufanya hivyo. Iliendelea kuunga mkono haki ya Wapalestina kuwa na nchi yao, na mwaka 1988, taifa la Palestina lilipotangazwa, Tanzania ilikuwa miongoni mwa walioitambua. Sioni namna ya kueleza uamuzi huo isipokuwa kwamba waliotuongoza walitofautisha haki ya watu na makosa ya wale wanaojiita wasemaji wao. Tofauti hiyohiyo ndiyo inayotakiwa leo kati ya Wapalestina na Hamas, na kati ya Waisraeli na serikali ya Benjamin Netanyahu.

Najua pingamizi litakalokuja, na ni pingamizi zito: Israeli ilishambuliwa, raia wake wakachinjwa majumbani na kwenye tamasha la muziki, sasa ilitakiwa ikae tu? Hapana. Tanzania nayo haikukaa tu; ilivuka mpaka ikafika hadi Kampala. Lakini ilipomaliza haikukata hata kijiji kimoja cha Uganda ikakiita chake, na kufikia mwaka 1981 majeshi yake yalikuwa yameondoka. Sisemi hivyo kwa kujipamba, kwa kuwa askari wetu walisawazisha mji wa Mutukula na kuuvunjavunja mji wa Masaka kwa hasira ya yale waliyoyaona Kagera, na raia waliokufa huko hawakuwa wamemtuma Amin. Ninachosema ni kwamba haki ya kujilinda ina kikomo cha aina mbili, ardhi na raia, na katika vita hii Israeli imevivuka vyote viwili. Mapigano yaliposimamishwa Oktoba 2025, hesabu ya Wizara ya Afya ya Gaza ilikuwa imepita watu 67,000 waliouawa, na Agosti mwaka huo wataalamu wa usalama wa chakula wanaoshirikiana na Umoja wa Mataifa walikuwa wamethibitisha njaa ya kiwango cha juu kabisa katika mkoa wa Gaza. Kwenye Ukingo wa Magharibi, ambako Hamas haitawali, walowezi wa Kiisraeli ukijumlisha na wa Yerusalemu ya Mashariki wamezidi 700,000, na hao hawakuanza kuhamia huko baada ya Oktoba 7. Julai 2024 mahakama ya The Hague ilitoa maoni kwamba ukaliaji huo wote ni kinyume cha sheria. Baadaye mahakama nyingine ya mji huohuo, ile ya jinai, ilitoa hati za kukamatwa kwa Netanyahu, kwa aliyekuwa waziri wake wa ulinzi Yoav Gallant, na kwa kamanda wa Hamas Mohammed Deif, hati zote kwa siku moja, Novemba 21, 2024. Huo ndio mtindo wa kupima ninaouzungumzia.

Watu wa Uasin Gishu nchini Kenya wana sababu yao ya pekee ya kulifikiria jambo hili. Mwaka 1903 serikali ya Uingereza, kupitia waziri wa makoloni Joseph Chamberlain, iliwapendekezea viongozi wa Kizayuni, yaani wa vuguvugu la kuwatafutia Wayahudi nchi yao, eneo katika nyanda hizo, mwaka uleule ambao Wayahudi wa Kishinev, katika Dola ya Urusi, walikuwa wameuawa na kuporwa. Tume ilitumwa kukagua, na mkutano wao wa mwaka 1905 ukakataa. Hakuna Mnandi wala Mmasai aliyeulizwa. Waziri mkuu wa Uingereza wakati huo alikuwa Arthur Balfour, huyohuyo ambaye mwaka 1917, akiwa waziri wa mambo ya nje, alitia saini tamko la kuwaahidi Wayahudi makao ya kitaifa Palestina, bila kuwauliza wakazi wa Palestina pia. Wayahudi walihitaji kimbilio kweli, na yaliyowapata Ulaya miaka ya Hitler yalithibitisha hofu yao kupita kiasi. Deni hilo lilikuwa la Ulaya, likalipwa kwa mashamba ya watu wa Jaffa na Galilaya.

Wapo wasemao kwamba yote haya hayatuhusu. Vijana wawili wa Kitanzania waliokwenda Israeli kujifunza kilimo waliuawa katika shambulio lile la Oktoba 7, na mwili wa mmoja wao ulikaa mikononi mwa watekaji hadi Novemba 2025, zaidi ya miaka miwili wazazi wake wakisubiri kuzika. Huyo alikuwa na bunduki gani? Nao waliowashangilia wauaji wake kwenye simu walikuwa wakimshangilia nani? Muda mfupi baada ya shambulio hilo, Malawi na Kenya zilikubali kupeleka vibarua kwenye mashamba yaleyale ambayo wafanyakazi wa Thailand walikuwa wameyakimbia. Basi linatuhusu.

Hoja ya aibu zaidi ni ile inayouliza mbona ya Kongo jirani hatuyasemi, na hapa sina utetezi. Goma ilichukuliwa na waasi wa M23 Januari 2025 na Bukavu mwezi uliofuata, watu wanaozungumza Kiswahili hikihiki wakakimbia na magodoro kichwani, na Baraza la Usalama likaitaja Rwanda kwa jina, likiitaka iache kuwasaidia waasi hao. Sikuona bendera ya Kongo kwenye daladala hata moja. El Fasher ya Sudan iliangukia mikononi mwa wanamgambo wa RSF Oktoba 2025 baada ya kuzingirwa kwa zaidi ya siku 500, na misikiti na makanisa yetu kwa sehemu kubwa yalipita juu yake kama tangazo la msiba wa mtu wasiyemjua. Kama kanuni ni kwamba ardhi haichukuliwi kwa mtutu na raia hazingirwi akafa njaa, basi inaifunga Kigali kama inavyoifunga Yerusalemu, na serikali ya Afrika Mashariki isiyoweza kuitamka mbele ya jirani itasikilizwa nusu inapoitamka juu ya Gaza.

Tanzania ina ubalozi Tel Aviv tangu mwaka 2018, na Palestina ina ubalozi Dar es Salaam. Ningependa maneno yanayosemwa kwenye milango hiyo miwili yawe yaleyale: mataifa mawili, mipaka ya kabla ya Juni 1967, walowezi wasiongezwe, misaada iingie Gaza bila vizuizi, Hamas isipewe bunduki wala serikali, na walioua raia wa kila upande wafikishwe mahakamani. Mikataba ya mafunzo ya kilimo iendelee ikiwa ina faida, ila isiwe bei ya kununulia kimya chetu. Na waziri wa mambo ya nje anaposoma bajeti yake Dodoma, aambatanishe orodha ya kura tulizopiga Umoja wa Mataifa kwa mwaka mzima kuhusu Palestina, Kongo na Sudan, pamoja na zile ambazo mjumbe wetu hakuwa ukumbini, na aseme sababu.