Barua kwa mwanangu: kile kilima cha Magath

Mwanangu Juma,

Marahaba. Ujumbe wako niliusoma jana usiku, nikaurudia asubuhi kwenye chai. Unasema wazazi wa vijana unaowafundisha soka wanalalamika kwamba unawakimbiza mpaka wanatapika, nawe unaniuliza: "Baba, si Felix Magath alichukua ubingwa wa Ujerumani kwa njia hiyohiyo?"

Alichukua, sikatai. Alikuwa kocha wa Wolfsburg, 2009. Kando ya uwanja wa mazoezi kulikuwa na kilima chenye ngazi, wachezaji wakipanda na kushuka wamekumbatia mipira mizito. Katikati ya msimu walikuwa nafasi ya 9, mwishoni mabingwa. Washambuliaji wake wawili waliwaka: Grafite alifunga mabao 28, Džeko 26. Aprili waliichapa Bayern Munich 5–1. Grafite aliwapangua mabeki mmoja mmoja, akamalizia kwa kisigino, mpira ukaingia taratibu kama umetumwa dukani. Dakika za mwisho Magath akamtoa kipa wake, akaingiza wa akiba. Mimi naona ilikuwa dharau tu! Bayern hao ndio waliomtimua 2007, baada ya kuwapa ligi na kombe misimu miwili mfululizo.

Lakini wewe umeona jasho peke yake. Huyu enzi zake za kucheza alikuwa kiungo wa Hamburg, tena kiungo wa akili. Athens, 1983, fainali ya Klabu Bingwa Ulaya: Juventus ina Platini, Rossi, Boniek. Dakika ya 9 Magath anapata mpira kushoto, anamhadaa mtu, anaachia shuti la mguu wa kushoto kutoka nje ya boksi. Zoff, golikipa bingwa wa dunia, akabaki kuusindikiza kwa macho. Moja bila, basi. Na sataranji alijifunza akiwa anaugua ini, hawezi kucheza. Sasa mtu huyo akikupandisha kilima, ujue jioni kuna mengine anayapanga kichwani. Wewe baada ya zile mbio unawafundisha nini? Kwenye ujumbe wako sikukiona.

Halafu hata wale watu wazima, wenye mishahara na madaktari, walimchoka. Schalke, klabu nyingine ya Ujerumani, aliifikisha nafasi ya pili 2010, mwaka uliofuata wakaachana. Fulham ya Uingereza alishuka nayo daraja 2014, na beki wao Hangeland akaja kusimulia kwamba kocha alimwambia aweke jibini kwenye mguu unaouma. Mwenyewe alijitetea kwamba ni dawa ya asili tu, alitoa wazo. Bibi yako angemwelewa. Fjørtoft, mshambuliaji aliyepita mikononi mwake kwenye klabu ya Frankfurt, alisema hajui kama Magath angeiokoa Titanic, ila walionusurika wangekuwa fiti kabisa.

Mimi nilipokuwa na miaka 16 nilipata kocha wa aina hiyo. Tulikimbia saa nane mchana, juani, maji tukinyimwa eti yanalegeza mwili. Hili goti unalolisikia likilia nikipanda ngazi nililitoa huko, na kukaba sikufundishwa mpaka leo.

Nijibu mawili. Hao vijana wanakula nini kabla ya mazoezi ya saa kumi? Na yule mdogo wa namba nane, mwenye kushoto, ana miaka mingapi? Ile video yake imefutika kwenye simu yangu. Nitumie tena.

Mama yako anakusalimu.

Baba