Kilatini hakitamfundisha mtoto wako Kifaransa

Swali: Mwalimu, jambo. Kijana wangu ameingia mwaka wa kwanza wa humanite (sekondari), seksio ya Latini-Filo, yaani Kilatini na falsafa, hapa Bukavu. Kifaransa chake bado kinayumba, anaandika namna anavyosikia. Huku Kadutu kuna mtu anafundisha watoto jioni. Anasema tuache Kifaransa kwanza, mtoto asome Kilatini peke yake miezi mitatu, maana Kilatini ndiye mama wa Kifaransa na hicho kingine kitakuja chenyewe. Anaomba dola 20 kwa mwezi. Nimfuate, ao mtoto asome zote mbili pamoja?

Jibu: Jambo sana, mama. Asome zote mbili, na Kifaransa kitangulie. Ratiba ya shule imeshaamua sehemu kubwa ya swali lako, kwa sababu Kilatini chenyewe anafundishwa kwa Kifaransa, na mtihani wa taifa ataufanya kwa Kifaransa. Gaffiot, ile diksionere nene iliyotoka mwaka 1934, inaeleza kila neno la Kilatini kwa Kifaransa. Asiyejua Kifaransa anaifungua kutafuta neno moja, anaifunga akiwa na matano mengine ya kutafuta.

Sasa tuje kwa huyo mama wa Kifaransa. Kila Septemba naletewa hadithi hiyo, na kila mara inatoka kwa mtu anayeuza kitu.

Ni kweli Kifaransa kimezaliwa na Kilatini, ila si Kilatini cha vitabuni. Kimezaliwa na maneno ya askari, wakulima na wachuuzi. Vitabuni farasi ni equus. Watu wa kawaida walisema caballus, ndiyo ikawa cheval. Vitabuni kichwa ni caput. Tête imetoka kwa testa, chungu cha udongo, kama vile utani wa vijana wa mtaani ungeingia kwenye diksionere. Mwaka 813 maaskofu waliokutana Tours, mji wa Ufaransa, waliagiza mahubiri yasemwe kwa lugha ya watu, maana waumini walikuwa hawakielewi tena Kilatini. Kama Kilatini hakikuja chenyewe kwa watu wa Tours wa wakati ule, Kifaransa nacho kitajileta vipi kwa mtoto wa Kadutu?

Hata pale maneno yanapofanana, yanadanganya. Niliwahi kuwapa wanafunzi sentensi nyepesi: librum in mensa pono, naweka kitabu mezani. Mmoja, aliyekuwa ameambiwa kwamba kila neno la Kilatini lina mtoto wake katika Kifaransa, aliandika: je ponds le livre sur la table. Nataga kitabu mezani! Hakukosea ukoo, maana pondre kweli imetoka kwa ponere. Ila njiani "kuweka" kumekuwa "kutaga". Vilevile trahere, kuvuta, imekuwa traire, kukama ng'ombe. Na necare, kuua, imekuwa noyer, kuzamisha majini. Darasa lilicheka. Mimi nilimhurumia, kwa sababu mtu alikuwa amelipwa ili amfundishe hivyo.

Kitu ambacho wauzaji hawa hawasemi, labda kwa kuwa hawakijui, ni kwamba upande wa kitenzi Kilatini kiko karibu na nyumbani kwetu kuliko Kifaransa. Amo ni neno moja, kama "napenda". Mtendaji yuko ndani ya kitenzi. Mfaransa lazima amtaje pembeni: j'aime. Na jina kuburuta sifa yake, liber bonus (kitabu kizuri), rosa bona (waridi zuri), si jambo geni kwa mtoto anayesema Mashi, lugha ya huku kwetu, na bibi yake. (Kiswahili chetu cha Bukavu, chenye "kitabu muzuri", hakimsaidii sana hapo.) Kigumu ni miisho ya majina, inayoonyesha kazi ya neno katika sentensi (nani anatenda, nani anatendwa): zile kazi sita ambazo Kifaransa kimezitupa zote. Hapo hakuna mama wala mtoto, ni kukaa chini na kurudia.

Na hapo ndipo biashara inapoingia. Kwa kuwa miisho inachosha, mtoto anauziwa fotokopi za vipande vya maandishi ya Kaisari, yule jemadari wa Roma, vilivyokwisha kutafsiriwa, azikariri. Au anapiga picha ukurasa, simu inamtafsiria, ananakili. Siku moja nilichukua sentensi ambayo darasa zima lilikuwa nayo kichwani, Romani Gallos vincunt, Warumi wanawashinda Wagali (watu wa kale wa Ufaransa), nikaibadilisha miisho miwili tu: Romanos Galli vincunt. Sasa Wagali ndio washindi. Nusu ya darasa iliandika ushindi wa Warumi, kwa mwandiko safi kabisa. Watoto hao wanafika mwaka wa nne hivyo hivyo, kaye (madaftari) zimejaa, na wazazi wanashangaa kwenye mtihani.

Kwa kijana wako: kila jioni asome ukurasa mmoja wa Kifaransa kwa sauti, wewe ukisikiliza hata kama huelewi yote, kisha aandike mistari mitano kwa imla, dada au kaka akimsomea. Baada ya hapo nusu saa ya Kilatini, si zaidi, lakini kila siku. Ningekuwa namjibu mtu mzima asiye na ratiba ya shule, ningemwambia akiimarishe Kifaransa mwaka mzima kwanza, ndipo aanze Kilatini. Wako hana nafasi hiyo.

Kabla hujatoa dola hizo 20, mwandikie huyo mwalimu wa jioni rosam puella amat, umwulize kwa nini ni rosam na si rosa. Akieleza kwamba waridi ndilo linalopendwa na msichana ndiye anayependa, kaa naye mzungumze, ila Kifaransa asikiguse. Akikwambia "ndivyo Kilatini kilivyo", chukua pesa yako ukamnunulie mtoto diksionere ya Kifaransa, hata iliyotumika.